Gesi imepungua msimu wa baridi: angalia kwanza maji ya kuoshea banda

SWALI: Nipo Njombe, nafuga ndani ng'ombe wawili chotara wa maziwa. Nina mtambo wa bayogesi wa kuba lililofukiwa, mita za ujazo 6, una miaka mitatu. Mwanzoni tulipika masaa manne kwa siku. Tangu Juni hatufikishi hata mawili, na moto umekuwa wa njano, unarukaruka. Kila siku naingiza ndoo mbili za samadi mbichi, na maji yote ninayooshea banda yanaelekea humo humo, kama ndoo sita. Je, niweke chokaa? Na maparachichi yaliyooza yanaweza kuongeza gesi?

JIBU: Chokaa usiweke. Maparachichi subiri kwanza. Kwa maelezo yako mtambo haujafa. Umepatwa na mambo mawili kwa pamoja, baridi na maji mengi, na hilo la pili ndilo lililo mikononi mwako.

Fanya hesabu hii. Mtambo wa mita za ujazo 6 huwa na nafasi ya tope kama lita 4,500, kwa sababu sehemu iliyobaki juu ni ya gesi. Ndoo mbili za samadi ni kama kilo 40. Ungezichanganya na ndoo mbili za maji, kila siku ungeingiza lita 80, na tope lingekaa ndani siku 56 kabla ya kusukumwa nje. Kwa ndoo sita za maji unaingiza lita 160, kwa hiyo tope linatoka baada ya siku 28 tu. Msimu wa joto siku hizo zinaweza kutosha kwa kubanabana, ndiyo maana hukuliona tatizo mapema. Bakteria wanaotengeneza gesi hufanya kazi vizuri tope likiwa na nyuzijoto 30 hadi 37. Likishuka kuelekea 15 wanakuwa wazito sana na kuzaliana kwao hupungua. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unaujua mwenyewe. Wakati ambao bakteria wanahitaji muda mrefu zaidi, wewe unawapa mfupi, tena kwa maji baridi ya bomba. Samadi inatoka ikiwa bado na gesi yake, na bakteria wenyewe wanasombwa nayo. Chungulia tope linalotoka: kama bado linanuka kinyesi kibichi na linavutia nzi, ndivyo ilivyo. Tope lililoiva halina harufu kali.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha gesi haivuji. Jioni mkishamaliza kupika, funga valvu kuu iliyo juu ya kuba, kisha weka alama ya chaki kwenye ukuta wa tangi la kutokea, pale tope lilipofika. Kwa mtambo wa aina hii gesi ikijaa husukuma tope lipande kwenye tangi hilo. Asubuhi likiwa limepanda, gesi inazalishwa na kuba linaishika. Fungua valvu kuu huku koki ya jiko ikiwa imefungwa. Tope likianza kushuka ilhali hakuna anayepika, bomba linavuja. Paka povu la sabuni kwenye viungio vyote na kwenye shingo ya valvu, utaona mapovu yanapotokea. Usipime kwa kiberiti hata siku moja. Likipanda kisha likashuka lenyewe valvu kuu ikiwa imefungwa, ufa uko kwenye kuba na hiyo ni kazi ya fundi. Wewe wala mtoto asiingie ndani ya mtambo kwa sababu yoyote: humo hakuna hewa ya kutosha, na gesi ile yenye harufu ya yai bovu huua haraka. Uvujaji pia si wa kupuuza kwa ajili ya mazingira, maana metani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hii, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito huohuo wa kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Ikiungua jikoni inafaa. Ikipotea hewani inadhuru.

Kama hakuna uvujaji, anza leo kuyatenga maji ya banda. Chimba mfereji uyapeleke shambani, au zoa samadi kwa koleo kwanza ndipo uoshe. Kwa wiki ya kwanza ingiza ndoo moja tu ya samadi kwa siku ili bakteria waliobaki wapate nafasi ya kuongezeka. Badala ya kutumia maji matupu, changanya samadi hiyo na nusu ndoo ya maji na nusu ndoo ya tope la kwenye tangi la kutokea. Tope hilo linarudisha bakteria ndani. Ukiwa na jirani mwenye mtambo unaofanya kazi vizuri, mwombe ndoo tano au sita za tope lake, ni bora zaidi. Kuanzia wiki ya pili rudi kwenye ndoo mbili za samadi, ukiweka ndoo moja ya maji na moja ya tope hadi baridi ipite.

Saa ya kulisha nayo ina maana. Koroga mchanganyiko saa nne au saa tano asubuhi kwenye tangi la kuingizia huku ukitoa nyasi, mabua na mawe, ufunike kwa nailoni angavu, uuachie upate jua, kisha uufungulie saa tisa alasiri. Maji yaweke tangu asubuhi kwenye pipa jeusi juani. Juu ya kuba hakikisha kuna udongo usiopungua sentimita 30, halafu tandaza nyasi kavu. Rundo la mboji juu yake ni zuri zaidi kwa sababu linapooza hutoa joto. Gesi itaanza kurudi baada ya wiki mbili hadi nne. Masaa manne kamili usiyatarajie katikati ya Julai.

Moto wa njano ni suala la jiko: hewa haitoshi au matundu ya kichomeo yameziba. Yazibue kwa waya mwembamba na ufungue zaidi tundu la hewa mpaka moto uwe wa bluu. Kurukaruka ni maji ndani ya bomba. Fungua mtego wa maji, yaani pale chini maji ya bomba yanapokusanyika, uyamwage, na kwa baridi hii fanya hivyo kila wiki. Kama bomba limelegea na kubonyea katikati, maji yatarudi palepale. Linyanyue literemkie kwenye mtego, walau sentimita 1 kwa kila mita.

Chokaa nimekukataza kwa sababu inaganda na kuwa mashapo magumu chini ya mtambo, na tatizo lako haliko kwenye asidi. Asidi ingekuwa nyingi, gesi ingetoka lakini isingewaka. Parachichi ndilo linaloweza kuileta: huoza haraka, na mafuta yake hutengeneza utando juu ya tope. Gesi ikisharudi, anza na kilo moja kwa siku, bila kokwa, iliyopondwa, usizidishe kilo nne kwa kilo 40 za samadi. Sabuni, dawa ya kuogeshea ng'ombe, na samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki visiingie kabisa; samadi hiyo iache hadi wiki moja baada ya tiba.

Tope linalotoka usilianike juani, kwani naitrojeni hupotea hewani. Liweke kwenye shimo lenye kivuli. Kwa miparachichi, chimba mfereji wa sentimita 15 chini ya ncha za matawi, si karibu na shina, mwaga lita 10 hadi 20 kwa mti mkubwa, nusu tope nusu maji, na ufukie siku hiyohiyo.