Kurudisha muda nyuma bila kuukimbia uamuzi: tulivyoucheza Life is Strange nyumbani Kirumba

Mwaka jana, katika siku za mbalamwezi ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, mama alikuwa akirudi mapema kutoka soko la samaki la Mwaloni, na ndizo jioni ambazo mimi, yeye na mdogo wangu wa kike tuliumaliza mchezo wa video uitwao Life is Strange sebuleni kwetu Kirumba, Mwanza. Nilikuwa nimeshaucheza peke yangu kabla ya hapo, na ninaamini kwamba mara ile ya kwanza niliuharibu. Naandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuuanza, ili aupate utamu ambao mimi niliupata kwa kuchelewa.

Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Dontnod ya Paris, Ufaransa, ukatolewa kwa sehemu tano katika mwaka 2015, ya kwanza mwezi Januari na ya mwisho mwezi Oktoba. Unamfuata Max Caulfield, msichana wa miaka 18 anayesomea upigaji picha katika mji wa kubuniwa wa Arcadia Bay, kwenye pwani ya jimbo la Oregon nchini Marekani, ambaye anagundua kwamba anaweza kurudisha muda nyuma siku ileile anapomwona rafiki yake wa utotoni, Chloe Price, akipigwa risasi. Hakuna mbio wala vita vya kushindania alama. Unatembea, unatazama vitu, unazungumza na watu, unaamua. Ukimjibu mtu vibaya, unabonyeza kitufe, maneno yanarudi kinywani, unajibu upya ukiwa tayari unajua atakachosema.

Hapo ndipo nilipopotea mara ya kwanza. Kila uamuzi niliurudia mara nne au tano, nikitafuta jibu ambalo halingemuumiza mtu yeyote, na jibu hilo halimo. Ilinichukua muda kuona jinsi watengenezaji walivyoipanga shughuli yenyewe: baada ya kila uamuzi mkubwa, Max hujisemea moyoni kwa mashaka, akihofia kwamba amekosea, na hufanya hivyo hata ukichagua upande wa pili. Mchezaji anayesikia mashaka yale hudhani ameonywa, anarudi nyuma, anachagua kinyume chake, na anakuta mashaka mengine yanamsubiri. Nilifika mwisho nikiwa nimeona majibu yote na sikumbuki hata moja lililokuwa langu.

Tulipoanza upya watu watatu, nilipendekeza utaratibu ambao nauona kuwa ndiyo ushauri wangu mkuu. Anayeshika pedi ya kuchezea anachagua kwanza kile ambacho moyo wake umemwambia. Kisha anaruhusiwa kurudi nyuma mara moja tu, si kwa ajili ya kujisahihisha, bali kusikia upande wa pili ungesema nini, na baada ya hapo anarudi kwenye uamuzi wake wa kwanza na kuondoka mahali pale. Kuondoka ni muhimu, kwa sababu Max hawezi kurudi nyuma zaidi ya tukio alilomo. Akishavuka kwenda eneo jingine, lililofanyika limefanyika. Kipepeo mdogo anayetokea pembeni ya kioo hukujulisha kwamba tendo hilo litakuja kudai malipo baadaye. Mdogo wangu alikuwa akimwona kipepeo yule ananyamaza kabisa, na ukimya wake ulinifundisha zaidi kuliko marudio yangu yote.

Lugha haina budi kutajwa. Mchezo hauna maandishi ya Kiswahili, na vijana wa Arcadia Bay huzungumza Kiingereza cha mtaani ambacho hakimo katika vitabu vyetu vya shule. Nilikuwa nikimtafsiria mama kwa sauti, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu maamuzi makubwa ya mchezo huu hayana saa inayokuhesabia: dunia inasimama, chaguo mbili zinabaki kwenye kioo, nawe unaweza kujadiliana na wenzako hadi chai ipoe. Katika baadhi ya michezo ya aina hii mchezaji hupewa sekunde chache tu, na mama angebaki mtazamaji. Hapa alikuwa mshauri, na mara nyingi alikuwa mkali. Joyce, mama yake Chloe anayefanya kazi mgahawani, mama yangu alimpenda tangu alipomwona, akasema, «Huyo anaamka mapema kama mimi.»

Usipite haraka. Max anaweza kuketi kwenye benchi au kitandani, na akiketi, kamera inatazama huku na huku, muziki unaendelea, naye anawaza. Usipobonyeza kitu, atakaa tu. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua maana ya kukaa juu ya mwamba jioni bila kazi yoyote isipokuwa kuyatazama maji, na nafasi hizo zilikuwa zetu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchezo. Soma pia shajara ya Max na ujumbe ulio katika simu yake, na ukiingia katika chumba cha mtu, tazama picha zake. Mwishoni mwa sehemu ya pili, uwezo wa Max unamwishia wakati anapouhitaji kuliko wakati wowote, mbele ya mwanafunzi mwenzake, Kate, ambaye amekata tamaa ya kuishi. Kinachobaki ni yale tu ambayo mchezaji aliyaona na kuyakumbuka kumhusu. Mdogo wangu alikuwa amekagua picha za familia ya Kate kwa utulivu. Mimi, mara yangu ya kwanza, nilipita mlangoni kwa haraka. Kwa sababu ya tukio hilo na mengine yanayohusu ukatili na dawa za kulevya, mchezo umewekewa umri wa miaka 16 na kuendelea huko Ulaya, nami naunga mkono: kijana asiachwe nao peke yake.

Anayetaka kuilinda sehemu ya tatu aruke aya hii. Max anapata njia ya kurudi hadi mwaka 2008, siku ambayo baba yake Chloe alifariki katika ajali ya gari, naye anazificha funguo ili asiendeshe. Nilipotafsiri hayo, mama aliniomba nisimame. Kaka yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alinisimulia kwamba mjomba alikuwa amepanga kusafiri wiki inayofuata, ila mama mwenyewe ndiye aliyempelekea ujumbe awahi. Hatukuendelea usiku ule. Kesho yake alitaka kujua kama yule baba alipona, nami nikamwonyesha kilichotokea kwa binti yake baada ya baba kupona. Alitazama hadi mwisho, akasema tu, «Kumbe.» Kama unacheza na wazazi, waulize kwanza kama wako tayari kwa sehemu hiyo.

Kwa upande wa maandalizi sina mengi. Sehemu ya kwanza ilifanywa kuwa ya bure mwaka 2016, kwa hiyo unaweza kuonja kabla ya kulipia. Pakua usiku kwa bando la usiku, na chezea kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya tukio utalianza tena pale mchezo ulipojihifadhi. Kila sehemu ikiisha, utaonyeshwa asilimia ya wachezaji wengine waliochagua kama wewe. Jadilianeni kwanza ninyi wenyewe, ndipo mzitazame.

Uamuzi wa mwisho nauacha bila kuutaja. Tulipoufikia, mama alikuwa bado Mwaloni, na mdogo wangu alikataa kubonyeza. «Dada, tumngoje,» aliniambia, na tukauacha mchezo umesimama, dhoruba ikiwa imeganda kwenye kioo. Mama alirudi, akanawa mikono, akaketi mkekani, nikamweleza yaliyo upande huu na yaliyo upande ule. Aliuliza swali moja tu: «Na mama yake Chloe, mwanangu, saa hizi yuko wapi?» Nilipomjibu, tulizungumza hadi saa tano usiku, ndipo mdogo wangu alipoichukua pedi.