UTI, sindano za jenta na figo za mama

SWALI: Mama yangu ana kisukari na ugonjwa sugu wa figo. Mwezi uliopita kreatinini yake (uchafu wa kwenye damu unaopimwa kujua figo zinachujaje) ilikuwa 180. Wiki iliyopita alipata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), homa na kutapika. Duka la dawa wakamchoma jenta (antibayotiki ya jentamaisini) siku 5 pamoja na diklofenaki ya maumivu ya kiuno. Sasa kreatinini ni 340, ila mkojo unatoka vizuri. Kilichoharibu ni UTI au dawa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza. Ni vyote viwili, na kila kimoja kimeongeza makali ya mwenzake.

Bakteria wakipanda hadi kwenye figo, huumiza mirija yake midogo. Homa na kutapika humaliza maji mwilini, na damu inayofika kwenye figo hupungua. Jenta nayo hutolewa na figo, na sehemu yake hujilimbikiza ndani ya seli za mirija hiyohiyo na kuziua. Figo zikiwa dhaifu, sindano ya leo inaikuta ya jana haijatoka. Ndiyo maana hospitalini huachanisha dozi na kupima kiwango cha dawa kwenye damu. Diklofenaki ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa kuwa haikuhitajika hata kidogo: inaubana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo, saa ileile damu imeshapungua. Kama mama anatumia pia dawa ya presha kama enalapril au losartan na dawa ya kukojoza, presha ya kuchujia inaporomoka.

Mkojo usikutulize. Madhara ya jenta mara nyingi hujitokeza baada ya siku 5 hadi 7, na mkojo huendelea kutoka huku uchafu ukibaki kwenye damu. Kreatinini kupanda mara 1.5 ndani ya siku 7 ni jeraha la ghafla la figo. Yake imekaribia mara 2.

Mpeleke hospitali leo, na dawa zake zote, mitishamba ikiwemo. Apimwe potasiamu, mkojo uoteshwe maabara kutambua bakteria kabla ya kuanza antibayotiki nyingine, apigwe ultrasaundi: njia ya mkojo ikiwa imeziba, dawa peke yake haitoshi. Muulize daktari kuhusu kusimamisha metformin (dawa ya kisukari) na enalapril, kama anazitumia. Akiwa anachoma insulini, sukari ipimwe mara kwa mara, maana figo zikishuka insulini hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka ghafla. Kwa homa, parasetamoli. Akiwa amevimba miguu au anapumua kwa shida, asilazimishwe kunywa maji mengi.

Akishatoka hospitali, kreatinini irudiwe kama daktari atakavyopanga, na tena baada ya miezi 3, ijulikane figo zimebaki na uwezo gani.