Hisa zimeshuka bei: ipi ni rahisi kweli?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Jinja. Biashara zimezorota, na naona bei za hisa kadhaa kwenye soko la Kampala zimeshuka. Nina akiba ya shilingi milioni 5. Nitajuaje hisa ipi ni rahisi kweli na ipi inaporomoka tu?

JIBU: Mwalimu, kwanza, je, ndani ya hiyo milioni 5 kuna ada ya mtoto? Kama imo, itoe. Soko letu ni dogo. Zipo kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku kadhaa bila hata moja kubadilisha mikono. Anayelazimika kuuza Januari ili alipe ada Februari huchukua bei yoyote atakayopewa. Wewe unataka kuwa yule anayenunua kutoka kwake.

Bei kushuka peke yake hakukuambii kitu. Chukua Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini. Ukiligawanya gawio lake (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa) kwa bei ya hisa, ilionekana kama embe lililoanguka lenyewe. Lakini mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza umeme ulikuwa unaisha Machi 2025, na serikali ilikwisha kusema haitauongeza. Thamani kubwa iliyobaki ilikuwa malipo ya serikali kwa uwekezaji ambao haujarudishwa, na pande mbili zikaishia kubishana ni kiasi gani. Aliyenunua dakika za mwisho alinunua kesi, akidhani amenunua nguzo na nyaya.

Kwa hiyo fungua ripoti ya mwaka, ruka picha za wakurugenzi, nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Je, fedha taslimu zinazotokana na shughuli zenyewe zimetosha kulipa gawio kwa miaka mitatu mfululizo? Kama gawio limelipwa kwa mkopo, funga. Kisha tazama madeni yanayoiva ndani ya miezi 12, hasa ya dola kwa kampuni inayouza kwa shilingi. Watu wakibana matumizi, matofali na vigae husubiri. Bando na kutuma pesa kwa simu havisubiri sana. Benki nazo zisome kwenye mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameshindwa kuilipa, na ukumbuke kwamba mwaka 2020 Benki Kuu ya Uganda iliziagiza ziahirishe magawio.

Halafu piga hesabu ambayo wengi huikwepa. Tuseme hisa ya shilingi 200 inalipa gawio la shilingi 16 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 8. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokatwa kabla hujalipwa, unabaki na asilimia 7.2. Hatifungani ya serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali kwa riba, ikiwa ya miaka 10 na zaidi, nayo hukatwa asilimia 10 ya riba, hivyo ikilipa asilimia 15 unabaki na 13.5. Faida ya kampuni isipokua kwa kasi ya kuziba pengo hilo, hisa hiyo si rahisi, hata kama jana iliuzwa 300. Mimi ningeweka walau nusu ya fedha zako kwenye hatifungani. Kiwango cha chini ni shilingi 100,000 tu.

Inayobaki igawe mara tatu au nne, ununue kila baada ya matokeo ya nusu mwaka. Ukishafungua akaunti ya SCD, ile ya kutunzia hisa zako kielektroniki, mpe dalali wa hisa agizo lenye kikomo cha bei (bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa), kwa maandishi. Akikuhimiza ununue “kwa bei iliyopo”, mkatalie: kwenye hisa isiyo na wauzaji wengi, agizo lako moja laweza kuipandisha bei unayolipa wewe mwenyewe.