Mie ni Haleluya ya Handel

Kaka, umeuliza muziki upi wa kale wa Ulaya unatugusa na kwa nini. Mie naimba besi, sauti ya chini kabisa, kwaya ya kanisani huku Masasi, kwa hiyo sifikirii mara mbili: Haleluya, kutoka Messiah, kazi ndefu ya kwaya na okestra ya mtunzi Handel. Messiah yote aliitunga mwaka 1741 kwa wiki tatu na ushee tu!

Utamu uko pale kwenye "atatawala milele". Besi tunaanza peke yetu, tenor wanadaka, kisha alto, soprano wanamalizia juu. Halafu karibu na mwisho wote kimya ghafla, ndipo Haleluya ya mwisho. Pasaka moja, tenor wetu mmoja alichomoka peke yake kwenye kimya hicho. Mpaka leo tunamwita Haleluya.