Endometriosisi: kidonge kwa wakati, dagaa na daftari

Mitaani maumivu makali ya hedhi huitwa chango, na binti huambiwa yataisha akizaa. Endometriosisi haina ahadi hiyo. Ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi, ila imeota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata juu ya utumbo. Hakuna chakula kinachoing'oa, na anayekuuzia mizizi ya "kusafisha kizazi" anakuuzia maneno. Makali yake ndiyo yanayopunguzika, na wengi hukosea kwa kuchelewa kumeza dawa.

Ibuprofeni, dawa ya maumivu, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazokaza kizazi. Ukisubiri mpaka umejikunja kitandani, zimeshajaa. Anza siku moja kabla ya hedhi, au dalili ya kwanza ikijitokeza: miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, siku 2 au 3. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, tatizo la figo au dalili za mimba aulize daktari kwanza.

Chupa ya maji ya moto ifunge kwenye kanga uiweke tumboni, dakika 20 zatosha. Ukiona tumboni michirizi ya kahawia kama wavu, ngozi inaungua polepole, punguza joto.

Kwenye chakula, utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta waliokula omega-3 (mafuta yaliyomo kwenye samaki) nyingi zaidi waligundulika na ugonjwa huu kwa asilimia 22 pungufu, na waliokula mafuta ya transi (kama ya mimea yaliyogandishwa kiwandani) mengi zaidi, asilimia 48 zaidi. Huo ni uhusiano tu, si tiba. Hata hivyo, dagaa au vibua mara 2 au 3 kwa wiki havina hasara, mradi uwachemshe na nyanya badala ya kuwazamisha kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangia mara tano.

Tumbo likijaa gesi, jaribu kuacha vitunguu, maharage, ngano na maziwa kwa wiki 4, kisha rudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku 3. Wanaorudisha vyote pamoja hawajui kamwe mkorofi ni nani. Usiviache milele. Unapoteza damu, unahitaji kula.

Kutembea dakika 30 kunasaidia. Siku za maumivu, lala na mto chini ya magoti, upumue taratibu.

Andika miezi 3: tarehe, ukali kwa namba 0 hadi 10, maumivu wakati wa haja kubwa au tendo la ndoa. Ultrasaundi kutoka safi hakufuti ugonjwa huu, kwani vipande vidogo mara nyingi havionekani. Ukiambiwa "huna kitu", fungua daftari mbele ya daktari.