Kwenu mnaohesabu chembe za plastiki za Mto Nairobi

Juzi nimepita maabarani nikamkuta kijana anamimina chumvi kwenye maji ya mto yaliyojaa tope, moja kwa moja, hata peroksaidi, dawa ya kuunguza ute na mwani, hajaigusa. Nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu kwa adabu zote kwamba anataka maji yawe mazito, plastiki zielee. Nikaenda kunywa chai, maana ningebaki pale ningetukana. Chai imeisha, basi niwaandikie nyote kwa pamoja.

1. Koti la pamba, chupa za glasi, foili juu ya kila kitu, na blanki (sampuli tupu, ya kuonyesha uchafu wa maabara yenyewe) kila siku ya kazi. Mwenye sweta ya akriliki ya waridi anajijua. Nyuzi zako tunazo katika sampuli za watu wanne.

2. Chembe ya plastiki haisafiri peke yake mtoni. Hili mmelisoma, mkalijibu kwenye mtihani, mkaliacha hukohuko. Chembe nyingi za plastiki majini zina chaji hasi juu yake, na udongo wa mfinyanzi vilevile, kwa hiyo zinasukumana. Wakati huohuo nguvu za van der Waals, mvuto hafifu wa vitu vilivyokaribiana sana, zinazivuta. Wanasayansi Derjaguin, Landau, Verwey na Overbeek walishaipigia hesabu vuta nikuvute hiyo miaka ya 1940. Ukitia chumvi, wingu la ioni (vijichembe vyenye chaji) linaloizunguka chembe linasinyaa, msukumano unalegea, na chembe zikigongana hazibanduki. Kalisi na magnesi, kwa kuwa zina chaji mbili, zinafanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo sana kuliko sodiamu.

Sasa jiulize: katika maji ya mto pale soko la Gikomba, plastiki itakutana na nani kwanza, plastiki mwenzake au udongo? Udongo, kwa sababu ndio uliojaa. Kwa hiyo bonge la mtoni ni mchanganyiko: plastiki, udongo, mwani, ute wa bakteria. Ninyi mnaotia vishanga vipya vya polistairini katika maji yasiyo na ioni, mkashangilia kwamba vimekaa wiki nzima bila kushikana, hongereni. Mmechunguza mto usio na mto.

3. Hapa nitakawia, na mnivumilie.

Nilipokuwa nafanya shahada ya uzamili nilichota maji hapo chini ya Gikomba wakati wa kiangazi, kisha nikarudi wakati wa masika. Kila mtu alitarajia plastiki zaidi kwenye mafuriko, maana mvua inafagia mitaro yote ya mji. Mimi nikapata chache. Nilifurahi ajabu! Matokeo ya kushangaza ndiyo yanayochapishwa, nikajiambia, nikaandika sura nzima kueleza jinsi mvua inavyozimua plastiki. Grafu ilikuwa na rangi tatu.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki. Maji ya masika yalikuwa mazito kama uji, nikayatia chumvi, nikatikisa, nikayaacha yalale. Asubuhi tope lote lilikuwa limekaa chini, juu maji maangavu. Nikajisifu kwa usafi wake. Nikachuja yale ya juu, tope likaenda sinki. Wala sikufikiri kwamba chumvi ile iliufunga udongo mabonge, na mabonge yakashuka na plastiki yangu, nyepesi kwa nzito. Maji ya kiangazi hayakuwa na udongo wa kuizamisha, ndiyo maana yakaonekana na plastiki nyingi zaidi.

Siku ya kuwasilisha, maprofesa waliuliza kuhusu takwimu. Aliyeniua ni mzee wetu fundi wa maabara, aliyekuja, naamini, kwa ajili ya mandazi. Akanyoosha mkono kutoka nyuma: "Mwanangu, lile tope ulilipeleka wapi?" Nikamjibu, sinki. Akaitikia kwa kichwa, akaketi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tulikuta chupa moja ya masika haijafunguliwa. Tukaipitisha kwenye peroksaidi kwanza, kisha zinki kloraidi, chumvi inayoyafanya maji kuwa mazito zaidi, na nyuzi zikaja juu, buluu kwa nyekundu, kutoka kwenye tope lilelile. Sura ikafutwa. Kurudia sampuli nyingine kulitaka masika mengine, na mvua haiombwi kwa barua.

4. Kwa hiyo: peroksaidi na chuma kwanza, bika ikiwa kwenye barafu kabla haijachemka ikakurukia usoni. Chumvi baadaye. Maji yaliyoshiba chumvi ya mezani yanafika gramu 1.2 hivi kwa sentimita ya ujazo, na PET, plastiki ya chupa za soda, ni 1.38, usiisubiri ielee. Zinki kloraidi usiimwage sinki. Tope usilitupe mpaka umeulizwa.

5. Msiwaambie watu kwamba polithini inaelea, mkaishia hapo. Ikiwa mpya, ndiyo. Ikishavaa ute na udongo inazama, inakaa kwenye mashapo wanakokula konokono, minyoo na samaki wa chini. Vipande vidogo mno vikishikana vinafikia ukubwa wa tonge la mnyama ambaye asingevigusa kimoja kimoja. Mafuriko yakija, mabonge yanavunjika na safari inaanza upya: Nairobi, Athi, Galana, Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Huko maji ya chumvi yanayapokea na kuyafunga tena, kwa hiyo anayechota juujuu tu mlangoni mwa mto atarudi na hesabu ndogo na tabasamu langu la zamani.

Na mtu akikuuliza kwa nini bado mnakuta mifuko wakati ilipigwa marufuku Agosti 2017, mwambie ile ya zamani bado inamomonyoka ndani ya tope, na nyuzi za nguo na vumbi la tairi hakuna aliyezipiga marufuku.

6. Kwenye hadubini, bonge si chembe moja. Lichokoe, lipige picha, liandike. Mawimbi ya sauti ya kulitenganisha bonge, dakika chache tu. Plastiki iliyochakaa kwa jua inapasuka, na utahesabu vipande ulivyovitengeneza mwenyewe.

Aliyechukua sindano yangu ya kuchokolea airudishe. Ina utepe mwekundu, na nakujua.