Kopo la tatu halipandi, nifanyeje?

SUALI: Assalam alaykum. Mie kijana wa Wete, miaka 24. Jimu hatuna bwana, tunanyanyua vyuma vya zege uani kwa rafiki yangu, tumemimina wenyewe kwenye makopo ya rangi ya lita 4, bomba katikati. Mwanzo nilipanda haraka mpaka barazani wakawa wananitaja. Sasa mwezi wa tatu huu niko pale pale, kwenye benchi makopo mawili kila upande napiga 12 vizuri tu, nikitia la tatu hata mara moja halipandi. Wenzangu wananicheka na siku nyengine sioni hata sababu ya kwenda. Hamu nitairudishaje?

JIBU: Waalaykum salam. Nilitaka nikuandikie maneno ya kukutia moyo, halafu nikapiga hesabu nikaona moyo wako hauna kosa lolote, kosa ni makopo. Zege lita moja ni kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo likijaa linakaribia kilo 9 na nusu, na wewe unaongeza mawili kwa mpigo, yaani kilo 19! Nani atapanda hivyo? Hata wanyanyuaji wa Olimpiki wana visahani vya nusu kilo, wewe wa uani unaruka ngazi nzima halafu unajiita mvivu.

Fanya hivi. Chukua mchanga, funga kwenye vifuko, nenda dukani wakupimie kilo moja moja, ufunge kila upande kimoja, ukaze kwenye bomba visining'inie (chupa ya maji ya lita nayo ni kilo ila maji yanachezacheza, mie siyapendi). Utashuka pengine mpaka 8 au 9, sawa, kaa hapo hapo mpaka urudi 12, ndo uongeze kifuko chengine. Vikifika tisa kila upande vua vyote utie kopo lako. Na andika kwenye daftari, tarehe, uzito, umepiga ngapi, maana kilo moja machoni haionekani lakini kwenye daftari ipo, na mie kwa ninavyojua hamu inakuja ukishaona kitu kimesogea, sio kabla.

Ile kasi ya mwanzo usiitafute tena, ule ulikuwa mwili unajifunza kunyanyua tu. Sasa inajengwa nyama yenyewe na hiyo inataka usingizi na kula, dagaa, mayai, choroko, samaki ndo kwao Pemba huko. Chai na boflo usiku halafu kesho benchi, hapana yakhe.

Wanaokucheka, mmoja asimame kichwani kwako kila unapolala chini ya bomba, zege likikushinda ukiwa peke yako uani si mchezo. Na hayo makopo yapime moja moja kabla hujaanza, mliyamimina kwa macho, sidhani kama yako sawa.